Themostati haileti joto: kwa nini diseli ya zamani inachemsha hata ukiitoa

Juzi nilikuwa gereji moja nasubiri kubadilishiwa bushi, ikaingia Hilux Surf yenye injini ya 1KZ, diseli ya Toyota, inafuka mvuke mbele kama sufuria ya makande. Mwenye gari jasho linamtoka, na kabla boneti halijafunguka vizuri watu watatu walishamaliza kutoa dawa. Wa kwanza kasema toa hiyo themostati. Wa pili kaongeza kwamba hizo zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za barafu huko. Wa tatu akasema yeye ana Noah mwaka wa nne huu haina themostati na haijawahi kuchemsha hata siku moja. Yule mwenye gari akauliza swali moja tu: "Sasa fundi, kama haina kazi, Wajapani waliiweka ya nini?"

"Bosi, we niamini mimi," ndo jibu alilopata. Ikatolewa, akajaziwa maji ya bomba, akalipa akaondoka.

Nimeshindwa kulisahau lile swali, maana ni swali zuri na jibu lake siyo gumu, na kwa injini kama ile kulikosa jibu lake kunaweza kumgharimu mtu hedi nzima, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu. Kwa hiyo leo naliweka wazi taratibu, themostati ni nini, kulanti ni nini, na kwa nini kwenye diseli ya zamani hivi vitu viwili ni vya kubadilisha pamoja, siyo kimoja kutolewa na kingine kuwekewa maji.

Tuanze na majina maana nusu ya ubishi inatokea hapo. Kulanti ni maji yenye dawa yanayozunguka ndani ya injini kubeba joto. Rejeta ni ule wavu wa mbele ambako hayo maji yanapigwa upepo yapoe. Wota pampu ndo inayasukuma yazunguke. Na themostati ni mlango. Mlango tu, hauna umeme wala waya, umekaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Katikati yake kuna kidude cha shaba kilichojazwa nta, ndugu yake na nta ya mshumaa ila hii imechaguliwa iyeyuke kwenye joto linalojulikana, ikiyeyuka inavimba, ikivimba inasukuma pini, pini inafungua mlango. Joto likishuka nta inaganda tena na springi inaurudisha mlango kwenye kiti chake. Ukiishika mkononi utaona namba imepigwa kwenye chuma, kwa diseli nyingi za Toyota ni 76 au 82, hiyo ndo digrii ambayo mlango unaanza kufunguka, na ukipanda digrii kama kumi na kitu juu ya hapo unakuwa wazi wote.

Asubuhi ukiwasha gari mlango umefungwa. Maji yanazunguka ndani ya injini tu kwa kinjia kifupi cha pembeni bila kwenda rejeta, kwa hiyo yanapata moto haraka. Yakifika kwenye ile namba, mlango unafunguka kidogo, maji ya moto kiasi yanaenda rejeta, ya baridi yanaingia, joto linashuka kidogo, mlango unajibana kidogo, na mchezo unaendelea hivo safari nzima. Ukipanda mlima na mzigo unafunguka wote, ukishuka huku umetoa mguu kwenye mafuta unajifunga. Kwa hiyo themostati haiongezi joto hata chembe. Inachofanya ni kuamua maji kiasi gani yaende kupozwa sasa hivi.

Hapo ndo tunakutana na maneno ya "nchi za barafu." Naelewa yanatoka wapi, mtu anawaza huku kwetu joto lipo la kutosha, ya nini kuwasha injini moto zaidi. Lakini fanya hesabu. Dar mchana wa jua kali hewa ni kama digrii 32 au 33, na injini inataka kufanya kazi kwenye 80 na ushee. Bado kuna pengo la digrii hamsini hapo katikati. Kwa injini, Dar na yenyewe ni mahali pa baridi, tofauti yake na huko Ulaya ni kwamba inafika kwenye joto lake mapema kidogo.

Na diseli kuliko petroli inauhitaji huo umoto. Petroli inawashwa na plagi, diseli haina plagi ya kuwasha, inategemea hewa ibanwe mpaka ipate moto wa kulipua mafuta yenyewe. 1KZ inaibana hewa kama mara 21. Sasa kuta za silinda zikiwa za baridi zinanyonya lile joto, mafuta hayaungui yote, unasikia injini inagonga, moshi mweupe asubuhi hauishi, na mafuta ambayo hayakuungua yanateleza kwenye kuta na kushuka kwenye oili. Pia kila diseli inayoungua inatoa maji kidogo kama mvuke, injini ikiwa na joto sawasawa ule mvuke unatoka, ikiwa vuguvugu siku zote unabaki ndani. Fungua mfuniko wa kujazia oili kwenye gari lililotolewa themostati la kuzungukia mjini, mara nyingi utakuta utando mweupe kama mtindi umeganda chini yake. Watu wakiuona wanashtuka wanadhani gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na mwili wa injini, imeungua, wakati mwingine ni injini tu ambayo haijawahi kupata moto wa kutosha.

Haya, hilo ni la baridi. Lakini kichwa cha habari kinasema inachemsha hata ukiitoa, na hapa ndo penye utata wenyewe.

Themostati za Toyota nyingi hazina mlango mmoja, zina miwili. Ule mkubwa unaouona juu ni wa rejeta. Chini yake, kwenye ncha nyingine, kuna kisahani kidogo chenye springi yake. Mlango mkubwa ukifunguka, kile kisahani kinasogea na kuziba kile kinjia kifupi cha pembeni nilichokitaja, ili maji yote sasa yalazimike kupita rejeta. Fikiria mfereji wa shamba la mpunga wenye njia mbili, moja inaenda jaruba la mbali na nyingine ni fupi inarudi mtoni. Ukitaka maji yafike jaruba la mbali huwezi kufungua tu njia yake, lazima na ile fupi uizibe kwa udongo, la sivyo maji yatachagua pa rahisi. Kile kisahani ndo udongo wenyewe. Ukiitoa themostati yote umeacha njia zote mbili wazi, na sehemu ya maji ya moto inatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini bila kuonana na rejeta kabisa. Mjini na barabara tambarare hutaona kitu, maana joto siyo kubwa na kiasi kinachopita rejeta kinatosha. Siku ya mlima na mzigo hakitoshi.

Siyo injini zote zina muundo huo, zipo ambazo ukiitoa zinakuwa tu za baridi milele. Ndo maana mwenye Noah anaapa kwamba hajapata shida na hadanganyi, gari lake ni petroli, analitembeza mjini, na hajawahi kulitaka litoe nguvu zake zote kwa nusu saa mfululizo.

Kuna hoja nyingine inasemwa na watu wa upande wangu kabisa, wanaotetea themostati, kwamba ukiitoa maji yanapita kwa kasi mno rejeta hayapati muda wa kupoa. Hii nayo siyo kweli na tusiitumie. Maji yakipita haraka yanarudi tena haraka, kwa jumla rejeta inatoa joto zaidi siyo pungufu. Tatizo liko kwenye ile njia fupi iliyoachwa wazi, basi.

Na kwa nini mara nyingine ukiitoa gari linapona kweli? Kwa sababu themostati yenyewe ilikuwa imekufa ikiwa imefungwa, nta imechoka au imeshikwa na kutu, mlango haufunguki. Ukiutoa mlango uliokwama maji yanapita, nafuu inaonekana siku hiyo hiyo, na hapo ndo imani inajengeka kijiweni. Au rejeta imeziba nusu, themostati haina kosa lolote, ila kuitoa kunapunguza kidogo ukinzani na kuficha ugonjwa miezi kadhaa.

Nasema kwa uchungu kidogo kwa sababu Prado yangu, KZJ95 yenye 1KZ-TE hiyo hiyo, ilishapitishwa njia hii. Fundi aliitoa themostati bila hata kuniambia, nikaja kujua baadaye sana. Desemba tunaenda Iringa, watu sita na mizigo juu, tumepita Mikumi, tumepita Ruaha Mbuyuni, geji ya joto imelala katikati kama siku zote. Mlima wa Kitonga tumeuanza nyuma ya semi inayotambaa, gia ya pili, na kwenye ile kona ambayo lori zinasimama mshale ukaondoka katikati ukaenda juu kwa muda wa mtu kumaliza kusema sentensi moja. Nikasimama pembeni, nikazima, mvuke. Siku ile tulifika. Wiki tatu baadaye hedi ilikuwa mezani kwa mafundi na ufa umepita katikati ya vali mbili.

Kuhusu ule mshale nilikuja kuelewa baadaye. Geji za magari mengi ya miaka hiyo zimepangwa makusudi zisimsumbue dereva, kuanzia joto la sabini na kitu mpaka mia na kidogo mshale unakaa pale pale katikati. Kwa hiyo "mshale uko katikati" maana yake siyo "joto liko sawa," na ukianza kupanda umeshachelewa. Kwa diseli ya umri huu mimi naona kigeji cha pembeni chenye namba za digrii ni pesa ya maana kuliko redio mpya.

Na kwa nini hedi? Bloku ya 1KZ, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya chuma cha kuyeyusha, hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Vitu viwili vimefungwa kwa boliti pamoja na kimoja kinataka kutanuka mara mbili ya mwenzake, kwenye joto la kawaida wabunifu walishalihesabu hilo na gasketi inavumilia, likizidi hedi inajipinda au inapasuka pale penye nyama nyembamba. Ndo maana pia ukichemsha njiani usimwagie injini maji baridi kwa haraka. Zima, subiri, kama una hita na bado unatembea iwashe moto wote na feni yake mwisho maana hita ni kirejeta kidogo, inatoa joto kweli hata kama mtateseka ndani. Na mfuniko wa rejeta usiuguse kabisa wakati wa moto. Nimeona mkono wa kijana ulioungua kwa hilo tu, kitambaa hakikumsaidia.

Tuje kwenye maji sasa. Hoja ya mtaani ni kwamba kulanti ni dawa ya kuzuia maji yasigande, huku hakugandi, kwa hiyo maji ya bomba yanatosha. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja kati ya nne. Nyingine ni kuzuia kutu, kupandisha kiwango cha kuchemka, na kulinda sili ya wota pampu. Kwetu hizo tatu ndo kazi zenyewe.

Angalia birika la umeme la mtu wa Dodoma, au popote penye maji ya kisima yenye chumvi. Baada ya miezi chini kuna ukoko mweupe mgumu, na birika linachelewa kuchemsha kuliko zamani kwa sababu ule ukoko unazuia joto lisipite. Ndani ya injini ni hivo hivo ila kinyume, joto linataka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji na ukoko unalizuia, na kwenye rejeta zile njia nyembamba zinaziba kabisa. Ongeza kutu ya bloku, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Hakuna themostati itakayokusaidia hapo.

Kuhusu kuchemka, wanaopika maharage Mbeya wanajua yanachelewa kuiva kuliko Dar. Sababu ni kwamba ukiwa juu maji yanachemka mapema, kila mita 300 unapoteza kama digrii moja. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari, maji matupu wazi yanachemka kwenye 94 hivi. Injini inapanda mlima mkali na joto la 95 ndani ya hedi, hesabu mwenyewe. Kinachoiokoa ni vitu viwili. Cha kwanza ni mfuniko wa rejeta, ule unafanya kazi kama sufuria ya presha, namba iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, ndo presha unayoishikilia, na hiyo peke yake inapandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii kama 20. Mpira wake ukikatika hiyo kinga imeondoka, na ni kitu cha bei ndogo ambacho karibu kila mtu anakisahau. Cha pili ni kulanti, ukichanganya nusu kwa nusu inaongeza digrii saba hivi nyingine.

Nusu kwa nusu nimesema, na kuna wanaodhani ikiwekwa kulanti tupu ndo bora zaidi. Hapana. Maji ndo mbebaji mzuri wa joto, glaikoli iliyomo kwenye kulanti inabeba kidogo zaidi ya nusu tu ya maji. Ukiweka tupu injini inakuwa ya moto zaidi.

Rangi nazo zinapoteza watu wengi. Kijani, nyekundu, pinki, bluu, hizo ni rangi tu za kutambulishia, hakuna sheria ya dunia inayosema nyekundu ni dawa fulani. Kinachotofautiana ni dawa za kutu zilizomo, Wajapani wanapenda aina moja na Wazungu aina nyingine, na ukichanganya aina zisizopatana zinaweza kuuana nguvu au kuganda kama uji ndani ya rejeta. Toyota ya zamani ilitoka na ile nyekundu, ambayo ni ya kuchanganya na maji na inataka kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Pinki ni ya baadaye, inakuja imeshachanganywa na inakaa muda mrefu zaidi. Soma chupa kama imeandikwa ni nzito ya kuchanganya au tayari kwa matumizi, hilo ni muhimu kuliko rangi. Na ukiuziwa galoni lenye maji ya kijani kwa bei ya soda mbili, hayo ni maji ya kijani.

Maji ya kuchanganyia yawe safi, yasiyo na chumvi. Wengi tunanunua ya dukani yanayoitwa maji ya betri, lakini hapa naomba uwe macho sana, maana kwa jina hilo hilo kuna chupa ya maji safi ya kuongezea na kuna chupa ya tindikali ya kuanzishia betri mpya. Tindikali ukiiingiza kwenye injini ya aluminiamu unaiua. Soma chupa, muulize muuzaji, usipeleke mtoto dukani.

Sasa kazi yenyewe. Nilifanya ya kwangu Jumamosi moja nyumbani baada ya hedi mpya, na nilianza na jikoni. Themostati niliyonunua niliifunga uzi nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, pembeni nikatumbukiza kipima joto cha maziwa, moto mdogo. Imepigwa namba 76. Kwenye 70 imetulia. Kwenye 75 imetulia. Kwenye 77 hivi pini ikaanza kusogea taratibu sana, unaiona kwa kukodoa macho, na kufika 90 mlango uko wazi karibu sentimita nzima. Nikaitoa, nikaiangalia ikijifunga mezani yenyewe huku inadondosha maji. Kisha nikaijaribu ya zamani ya jirani, akaniletea anasema yake ni nzima, maji yakatokota kabisa na mlango umefunguka unene wa ukucha tu. Gari lake lilikuwa linachemsha kila akienda Morogoro na ameshabadilisha rejeta. Mke wangu akasema, "Baba watoto, hiyo sufuria usinirudishie jikoni," na ana haki, themostati iliyotumika ina mabaki ya kulanti na kulanti ni sumu. Tumia kopo.

Injini iwe imelala usiku kucha. Fungua mfuniko, weka beseni, fungua koki ya chini ya rejeta polepole maana ya plastiki iliyozeeka inakatika. Kama bloku ina koki yake na inafunguka ifungue pia, maji mengi machafu yanakaa huko. Pima ulichomwaga, usimwage tu chini, hiyo namba utaihitaji. Kisha jaza maji safi, washa, hita ikiwa kwenye moto, acha ipate joto, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Mimi nilirudia mara nne. Usiweke sabuni ya unga, na ile bizari ambayo watu wanaweka kuziba rejeta inayovuja usiiweke kabisa, haijui tundu la kuvuja na njia ya kupitia, inaziba vyote. Ujue pia kwamba injini iliyokaa na maji matupu miaka mingi inaweza kuanza kuvuja baada ya kuoshwa, siyo kwamba kulanti imetoboa, ni kutu iliyokuwa imeziba tundu ndo imeondoka.

Themostati iko ndani ya nyumba ya aluminiamu mwisho wa mpira mmoja wa rejeta, kuna injini iko kwenye mpira wa juu na nyingine wa chini, fuata mpira kwa mkono mpaka ufike kwenye injini utakuta nati mbili au tatu. Angalia ya zamani ilivyokaa kabla hujaing'oa, piga picha. Safisha uso wa aluminiamu bila kuukwangua kwa bisibisi. Gasketi ya hapa ni ule mpira unaovaa ukingo wa themostati, weka mpya, na usipake silikoni kwa wingi, vipande vinavyobanika ndani vinakatika na kwenda kuishi kwenye rejeta. Halafu kuna kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo, watu wengi wanadhani ni uchafu au kimelegea. Ni tundu la kupitishia hewa, na kinatakiwa kukaa upande wa juu, pale penye namba 12 kwenye saa ya ukutani, hewa hupanda juu. Kikikaa chini hewa inanasa nyuma ya mlango, na nta ikizungukwa na hewa badala ya maji haifunguki kwa wakati. Kaza nati kwa kiasi, masikio ya aluminiamu yanavunjika.

Kwenye kujaza kuna hesabu ndogo. Baada ya kuosha, ndani ya bloku kumebaki maji ambayo hayatoki. Ukichanganya nusu kwa nusu kwenye ndoo ukamimina, ndani itakuwa chini ya nusu. Kwa hiyo angalia ujazo wote kwenye kitabu cha gari, tuseme ni lita 11, mimina kwanza lita tano na nusu za kulanti nzito, kisha malizia na maji safi mpaka ijae. Elekeza pua ya gari kwenye mwinuko ili rejeta iwe juu, hita iwe kwenye moto, mimina polepole, minyaminya mipira mikubwa kwa mkono, utaona mapovu yanapanda. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, ikiwa silensa, yaani inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, ongeza kila kiwango kikishuka. Itafika wakati mipira yote miwili, wa juu na wa chini, inakuwa ya moto, hapo mlango umefunguka na maji yanapita rejeta. Rudisha mfuniko, jaza kile kitenki cha akiba mpaka katikati ya mistari. Sasa linganisha: ulimwaga lita tisa, umeingiza lita sita? Basi lita tatu za hewa ziko ndani ya injini yako na kazi haijaisha.

Kulanti iliyotoka ina ladha tamu, mbwa na paka wanailamba na inawaua, na mtoto naye anaweza. Usiiache kwenye beseni uani, usiimwage mtaroni, na usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa usiku mmoja. Weka kwenye galoni lenye alama, peleka gereji inayokusanya oili chafu.

Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko uangalie. Kushuka kidogo siku mbili tatu za kwanza ni kawaida, hewa iliyobaki inatoka, ongeza. Kaza tena klampu za mipira. Ila kama baada ya wiki bado inashuka na hakuna tone chini ya gari, angalia vitu viwili. Bonyeza mpira wa juu asubuhi kabla hujawasha, ukiwa mgumu umejaa presha wakati gari limelala usiku kucha, si dalili nzuri. Kisha washa injini ya baridi mfuniko ukiwa wazi uangalie maji: mapovu madogo madogo yanayopanda bila kukoma, na yanaongezeka ukikanyaga mafuta, hayo si hewa ya kujazia tena, ni gesi ya silinda inapita kwenye gasketi au kwenye ufa wa hedi. Hapo gari lisipande mlima wowote mpaka hedi ifunguliwe na kupimwa presha.